Bao Moja, Nyumba Moja

Nilipokuwa darasa la pili niliamini, kwa akili zangu zote na kwa zile ambazo zilikuwa bado hazijafika, kwamba kijiji kikifungwa bao kwenye mechi ya wageni, nyumba moja inahamishwa. Bao moja, nyumba moja. Linakuja lori, wanapakia vitanda, vyungu, kuku, na bibi kama yupo, kisha familia inapelekwa mahali ambapo haijawahi kupaona. Na hawachukui ovyo ovyo. Wanafuata orodha ya balozi wa nyumba kumi: anaanza balozi mwenyewe, anafuata jirani yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Sisi tulikuwa nyumba ya kumi.

Msinicheke bado, subirini kidogo. Aliyeniambia ni Tluway, na Tluway alikuwa darasa la nne. Mtu wa darasa la nne enzi zile alikuwa kama daktari. Halafu mimi nilikuwa na ushahidi. Nilikuwa mdogo sana, lakini nakumbuka siku tulipotolewa kule juu mlimani, kwenye tembe yetu iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, yenye paa la udongo ambalo mbuzi walipanda kulisha bila kujua wako juu ya vichwa vyetu. Tuliletwa Maretadu, kando ya barabara, nyumba zimepangwa kwa mstari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Nilikaa juu ya gunia la mahindi ndani ya lori, nimemkumbatia jogoo aliyenichafua mpaka magotini, na hakuna aliyenieleza kwa nini tunakwenda. Kwa hiyo Tluway aliponipa sababu, miaka mitatu minne baadaye, nilishukuru kama mgonjwa aliyeambiwa hatimaye jina la ugonjwa wake. Kumbe tulifungwa!

Na lipo jambo lingine la siku ile ya lori. Babu alikuwa amekwenda mnadani. Aliporudi jioni alikuta kiwanja. Waliobaki nyuma walisimulia kwamba alizunguka kilima akiita majina yetu, mmoja mmoja, hadi jina langu mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote. Alitupata siku ya tatu, sauti imemkauka kabisa. Na babu alitupoteza kwa umbali wa vilima viwili tu.

Nimeyakumbuka haya juzi nilipokwenda kumbadilishia mama mabati mawili yanayovuja. Nilishusha sanduku lake la bati lisije likalowa, likafunguka, na harufu ikanipiga usoni: moshi wa kuni, mafuta ya kondoo, na mpira wa koti la mvua ulioanza kunata kwa uzee. Koti la baba. Kola imeliwa na panya, vifungo vimebaki viwili. Mama, ambaye ana miaka sabini na mingi na bado anagombana na kila mbuzi anayesogelea mahindi yake, akapaza sauti kutoka mlangoni, "Hilo usilitupe. Hilo ni jezi!" Nikakaa juu ya ngazi nikacheka hadi nikasahau bati. Ninyi wa rika langu, mliopanga foleni ya sabuni, mliokula ugali wa unga wa njano mkaambiwa ni mtamu, nataka niwasimulie habari za jezi hiyo.

Vita vya Kagera vilipoanza, baba aliondoka na mgambo wengine wa kijiji. Baba alikuwa golikipa wetu. Mimi nasema hakuwahi kufungwa. Mama anasema alifungwa kila Jumapili. Ukweli utakuwa katikati hapo, lakini upande wangu. Asubuhi ya kuondoka alimvua ndama kamba, akaniangalia, akasema, "Paulo, nikirudi nitawakuta mmeshavuna maharage." Akanipa koti lile nimshikie mama, kwa sababu aliambiwa jeshini watapewa makoti, kisha akaenda zake Mbulu mjini kupanda lori. Neno nililobaki nalo ni hilo: nitawakuta. Nililiweka kama watu wanavyoweka mbegu.

Kule chini Hanang kulikuwa na shamba kubwa la ngano, ngano ambayo ukisimama mwanzo wake huoni mwisho, na shamba hilo lilikuwa na timu. Wenzangu, wale hawakuwa watu wa kucheza mpira baada ya kuchunga. Mpira ndiyo ilikuwa kazi yao. Wanakunywa chai na mkate, wanacheza, mwisho wa mwezi wanapokea mshahara. Walikuwa na njumu zenye meno, soksi za kufika magotini, na kepteni mmoja mwenye mapaja kama mizinga ya nyuki, waliyemwita Trela kwa kuwa alikuwa anawabeba wenzake wote. Wakati ule wa vita walipewa kazi ya kuzunguka vijijini. Wanacheza na kijiji, watu wanachangamka, na baada ya mechi kila nyumba inatoa debe la maharage kwa ajili ya askari. Kijiji kisichoweza kutoa watu kumi na mmoja kinarukwa, na kurukwa ilikuwa aibu ambayo ingesemwa hadi Karatu.

Sasa watu kumi na mmoja wanatoka wapi, na vijana wote wako Kagera? Mzee Bura ndiye aliyekuwa balozi wetu, na ndiye kocha, na ndiye mwenye redio, kwa hiyo hakuna uamuzi uliopita bila yeye. Alikusanya walimu wawili wa shule, katekista mwenye viatu vya ibada, msaga nafaka ambaye hata akioga alibaki mweupe, na wazee watano ambao wakikimbia ulisikia magoti yao kabla hujawaona. Tisa. Akakwama kwenye golikipa na mtu mmoja wa mbele.

Golikipa alimpata tanurini. Kijiji kilikuwa kinajenga darasa la tatu, na kina mama ndio waliokuwa wanahamisha matofali ya kuchoma kutoka kwenye tanuri mpaka ukutani. Hawabebi. Wanajipanga mstari na kurushiana, tofali kwa tofali, huku wakiimba, na anayesimama mwisho, juu ya jukwaa la miti, anadaka kila linalokuja na kulipanga nyuma yake. Wa mwisho huyo alikuwa mama. Mrefu, mikono mirefu, kimya. Tofali likivunjika, jina lako linaimbwa wiki nzima. Jina la mama halikuwahi kuimbwa.

"Shikamoo, mzee," mama alimwamkia Mzee Bura bila kuacha kudaka.

"Marahaba. Mama Paulo, umewahi kuangusha tofali?"

"Labda hilo utakalorusha wewe."

Mstari mzima ukacheka, tofali likakaa hewani, mama akalidaka.

"Jumamosi utakaa golini," akasema Mzee Bura.

"Goli la nani?"

"La mumeo."

Mmoja wa wale wazee watano, aliyekuja nyuma yake, akaona aibu kwa niaba ya wilaya nzima. "Balozi! Mwanamke golini? Wageni watasemaje?"

"Watasema wamekosa bao," mama akajibu. Kisha akapangusa vumbi mikononi. "Au basi, babu, wewe nenda Kagera ukamlete mwenye goli lake. Mimi nitamalizia ukuta."

Mzee hakwenda Kagera. Mama akapewa goli.

Ijumaa ndipo Tluway aliponipa ile elimu ya bao moja nyumba moja. Sikula jioni ile. Nilihesabu nyumba zetu kwa kidole, kutoka kwa Mzee Bura kushuka, mara tano, na kila mara tulitokea wa kumi. Asubuhi nikamfuata mama akiwa anavaa. Alikuwa amevaa suruali ya baba, juu yake kanga, juu ya kanga lile koti la mvua, amelifunga kiunoni kwa kamba ya ndama.

"Mama, usifungwe kumi."

"Nitajitahidi."

"Tisa sawa. Kumi hapana."

Akaacha kufunga kamba. "Tisa sawa?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema. "Nashukuru kwa kuniamini."

Uwanja wetu ulikuwa umelala kwenye mteremko. Goli moja juu, goli jingine chini, na mpira ukipigwa vibaya kutoka goli la juu, watoto walitumwa kuufuata wakiwa na chakula cha njiani. Siku hiyo Mlima Hanang ulikuwa umevua mawingu yake yote, na upepo wa baridi ule wa kwetu ulikuwa unapita kwenye nguo kama hauzioni. Watu walijaa. Naweza kusema elfu kumi, ingawa kijiji kizima tulikuwa mia chache. Wageni walishuka kwenye lori wakiruka ruka kupasha miili moto, wakamwona mama kati ya milingoti miwili, koti linampiga kwenye vifundo vya miguu, wakaangaliana.

"Kocha," Trela akamwambia Mzee Bura, "golikipa wenu yuko wapi?"

"Unayemwona ndiye."

"Shikamoo mama," Trela akasema, kwa adabu kabisa, maana alikuwa kijana aliyelelewa. "Tutapiga taratibu."

"Marahaba mwanangu. Piga unavyolipwa."

Tulikuwa bado pungufu mtu mmoja. Akapatikana dakika ile ile. Alikuwa Gidamis, kijana wa wafugaji wa Kidatoga kutoka Hirbadaw, aliyekuwa amepandisha madume mawili ya ng'ombe, mchango wa ukoo wao kwa askari, yapakiwe kwenye lori hilo hilo la wageni. Hakuwa amewahi kugusa mpira. Mzee Bura alimwonyesha goli la kule ng'ambo, akamwambia, "Ukiupata, upeleke kule." Gidamis akakubali, ila kuacha fimbo yake hakukubali. Refa, ambaye ni mwalimu mkuu wetu, akafikiri sana, akaamua fimbo iruhusiwe mradi isimguse mtu.

Kipenga kikalia. Na sasa nawaambia jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye uwanja wowote wa dunia hii. Shuti la kwanza la Trela lilikuja kama jiwe la kombeo. Mama akalidaka kifuani, pwa! Halikudunda hata kidogo. Uwanja mzima ukashika midomo. Kisha mama, akiwa ametulia kama yuko kazini, akageuka, akauweka mpira chini nyuma yake, taratibu, na kuunyoosha kidogo kwa kiganja ili ukae sawa.

Nyuma yake ni ndani ya goli. Refa akapuliza. Bao.

"Nimeudaka!" mama akasema.

"Umeudaka, mama," mwalimu mkuu akamwambia, "lakini umeupitisha mstari."

"Kila mtu ameona nimeudaka."

"Ukiuweka huko ni bao."

"Haya. Nimeelewa."

Alielewa kweli. Mikono ndiyo haikuelewa. Kwa miezi na miezi mikono ile ilikuwa imefundishwa kitu kimoja: daka, geuka, panga. Shuti la pili akalidaka kwa mkono mmoja, akageuka, akapanga. Shuti la tatu lilikuwa la kona ya juu, akaruka koti likafunguka kama mabawa ya korongo, akalidaka, akatua, akageuka, akapanga. Kina mama wa tanurini walikuwa wanapiga kelele, "Usipange! Mama Paulo, usipange!" na yeye anainua mkono kuwaonyesha kwamba amesikia, kisha anapanga. Wageni walicheka mpaka winga wao mmoja akalala chini. Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa manane, na kati ya hayo matano mama aliyapanga kwa mikono yake mwenyewe, yamenyooka vizuri.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nahesabu nyumba. Bao la kwanza, kwaheri Mzee Bura. La pili, kwaheri mjane jirani yake mwenye paka wengi. La nne lilikuwa nyumba ya Tluway, nikamgeukia nimwonee huruma, nikamkuta anacheka na wenzake, nikadhani ni ushujaa. Bao la nane lilipoingia ilibaki nyumba moja tu kufika kwetu. Baba yuko Kagera. Babu alitupoteza vilima viwili tu akatafuta siku tatu. Nikajaribu kugawanya na kuzidisha, Kagera ni vilima vingapi, nikakosa. Hata leo, mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikikaa dawati moja na vijana wa rika la mwanangu, na hesabu nikapata alama ambayo sitaitaja kwa unyenyekevu, hesabu ile ingenishinda.

Wakati wa mapumziko Mzee Bura alisimama mbele ya mama akijikuna kidevu.

"Mama Paulo, hebu niambie. Pale ukutani wewe unasimama wapi?"

"Mwisho. Si unajua? Mimi ndiye ninayepanga."

"Basi leo wewe si wa mwisho. Leo wewe ni wa kwanza, umesimama tanurini. Kazi yako nini?"

Mama akafikiri kidogo. "Kurusha."

"Rusha."

"Ungesema tangu asubuhi," mama akamwambia, akafunga upya kamba ya koti.

Kipindi cha pili alikuwa mtu mwingine. Akidaka, mpira haukai mikononi hata kidogo. Anaurusha kwa mikono miwili kutoka kiunoni, ule mrusho wa tofali, unakwenda juu ya vichwa vyote mpaka katikati ya uwanja. Trela aliacha kupiga taratibu. Nilimwona akikunja soksi. Alipiga mashuti ambayo mimi kwa macho yangu niliyaona yakitoa moshi, na mama akayadaka, mia mbili, mia tatu, sikumbuki. Lakini wale walikuwa watu wa mshahara. La tisa lilipita katikati ya miguu ya katekista, mama hakuliona lilikotoka. La kumi lilipigwa na winga aliyekuwa amelala chini kwa kicheko, safari hii hakucheka, alizungusha mpira ukaingia kwenye kona kama una akili zake.

Refa akapuliza. Mimi nilikuwa tayari nakimbia.

Nilifika nyumbani sina pumzi. Nilitazama kila kitu: jiko, vibuyu, kitanda cha kamba cha baba, kigoda chake. Sikujua nianze kuokoa nini. Kisha nikakumbuka kwamba vitu si tatizo, vitu vitapanda lori pamoja nasi. Asiyekuwepo ni baba. Ndipo nikachukua mkaa jikoni, nikasimama kwenye kigoda, nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa, maandishi yangu ya kwanza maishani ambayo hayakuwa ya mwalimu: BABA TUMEHAMISHWA SIJUI WAPI.

Kutoka uwanjani nikasikia mlio mkubwa kuliko yote, vigelegele na mikebe ikigongwa. Nikajua ni la kumi na moja. Nikakaa kizingitini.

Muda si mrefu lori likatokea. Lilikuja kwenye barabara yetu polepole, likasimama mbele ya nyumba ya Mzee Bura. Nyumba ya kwanza. Watu wakaingia, wakatoka na mizigo, wakapakia. Likasogea nyumba ya pili, likasimama, wakapakia. Niliona kwa macho yangu, kwa mpangilio ule ule aliosema Tluway. Kwamba mizigo ile ilikuwa madebe ya maharage ya askari, hilo halikunifikia kabisa, na kwamba mjane wa paka alikuwa amesimama mlangoni kwake anapunga mkono kwa furaha, nikaona amekubali yaishe. Nyumba ya tano, ya sita, ya saba. Nikashika nguzo ya mlango kwa mikono miwili.

Lilipofika kwetu Trela alikuwa wa kwanza kuruka chini, bado ana njumu miguuni. Nyuma ya lori walikuwa wanakuja watu wote wa kijiji kwa miguu, mama katikati na koti lake, Mzee Bura, Gidamis na fimbo begani.

"Habari, kijana," Trela akasema. "Ya kwenu iko wapi tupakie?"

"Shikamoo," nikamwambia, kwa sababu hata ukihamishwa, salamu ni salamu. "Hatuendi."

"Hamwendi wapi?"

"Popote. Baba hajarudi."

Akacheka. Kisha akainua macho, akasoma mlango, kwa sauti, neno moja moja. Wenzake wawili wakaanza kucheka pia. Yeye akawa ameacha.

"Baba yake yuko wapi?" akamuuliza mama.

"Kagera," mama akasema. "Lile goli ni lake. Mimi nimemshikia."

 Injini ya lori ilikuwa inanguruma peke yake, dereva akaizima.

Ikabidi nieleze. Nilieleza huku nalia, bao moja nyumba moja, orodha, sisi wa kumi, na Tluway nyuma ya umati akawa anatafuta njia ya kuwa mahali pengine. Watu wazima wakaangaliana. Mzee Bura akasogea, akachuchumaa, magoti yakalia.

"Nani balozi hapa?" akaniuliza.

"Wewe."

"Orodha anayo nani?"

"Wewe."

"Sasa sikiliza. Wewe ulikimbia, hukuona mwisho. Tumefunga."

"Nani kafunga?"

Mzee Bura akamwonyesha kidole Gidamis. Na hapo watu wote wakaanza kusimulia kwa pamoja, nikapata habari ya bao lile kutoka kwa vinywa arobaini. Mama alidaka, akarusha, mpira ukamwangukia Gidamis miguuni. Gidamis hakuupiga. Aliuswaga. Aliusukuma kwa upande wa mguu, mdogo mdogo, fimbo imenyooshwa pembeni, anaupigia mluzi kama ndama aliyeachishwa ziwa jana, anaupandisha mteremko. Wageni walibaki wanamtazama. Beki wao mmoja tu alijaribu kwenda kuuchukua, Gidamis akamwangalia, tena alimwangalia tu, kwa macho ya mtu anayeona mgeni anagusa ng'ombe wake, beki akampisha. Akaufikisha golini, akaupitisha, akageuka kumuuliza Mzee Bura kama auache hapo au aufunge.

"Kumi kwa moja," Mzee Bura akanimalizia. "Bao letu moja linarudisha nyumba moja. Mimi balozi nimeamua inarudi ya kwenu. Umeridhika?"

Nikaridhika. Nikamshukuru Gidamis kwa mkono wa heshima, akanijibu kwa lugha yake, kisha kwa Kiswahili chake kidogo, "Mama yako... mkono." Akaonyesha mkono wake mwenyewe na kutikisa kichwa. Trela aliingia ndani kuchukua debe letu la maharage. Mwenzake alitaka kumpokea, akakataa, "Hili la hapa nabeba mwenyewe." Akalipakia, akarudi, akamshika mama mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu akaitazama, sugu za matofali zilivyokaa.

"Mama," akasema, "ningekuwa na mikono hii ningedai mshahara mara mbili."

"Ningekuwa na miguu yako," mama akamjibu, "ningemalizia ile shule wiki hii."

Lori lilipoondoka mama alichukua ncha ya mkono wa koti, akaitemea mate, akafuta maandishi yangu mlangoni. Alifuta TUMEHAMISHWA, akafuta SIJUI WAPI. BABA akaliacha.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita tena Mama Paulo. Ukienda dukani ni golikipa, ukienda kanisani ni golikipa, hata muuguzi wa zahanati alimwandika hivyo kwenye kadi. Timu ya ngano iliondoka na habari zake, ikazimwaga kila walipocheza, na kila kijiji kiliongeza kidogo, tabia ambayo mimi siipendi kabisa. Ilifika mahali tukasikia kwamba Maretadu kuna mwanamke aliyedaka trekta.

Baba alirudi mahindi yakiwa yamekauka shambani. Alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, amekonda, blanketi la jeshi begani, mguu mmoja anaukanyagia kwa tahadhari. Alisimama mlangoni muda mrefu, anatazama lile neno moja la mkaa. Tulimpa uji, tukamkalisha kwenye kigoda chake, na mama akamwambia kwa upole kwamba nafasi ya golini imeshajaa.

Mimi nilikuwa nimesubiri zamu yangu kwa miezi. Nikamwambia yote, na wenzangu, sikupunguza. Nikamwambia jinsi nyumba yetu ilivyochukuliwa kwa bao la kumi, jinsi Gidamis alivyoirudisha, jinsi nilivyoshika nguzo lori lilipokuja, na kwamba kama si sisi watatu, mimi, mama na Mdatoga yule, angekuja akakuta kiwanja.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akaweka kikombe cha uji chini.

"Paulo, mpira hauhamishi nyumba," akasema. "Tulipohamishwa kule juu hakuna aliyecheza na hakuna aliyefungwa. Walikuja asubuhi na lori, wakatuambia tupande, tukapanda."

"Lakini wangetuhamisha tena, ungetukuta?"

"Nimeshuka stendi ya Mbulu, sijafungua mdomo kuuliza lolote, watu watatu wameshaniambia mke wangu yuko wapi na amedaka mangapi. Ningewakuta."